Klorokwini inazuia kwenye Vero E6, haizuii kwenye Calu-3: tatizo ni dawa au seli?

Kisima_H12

Wakuu, naomba mnisaidie kusoma matokeo haya.

Ninatumia virusi bandia: VSV (kirusi cha mifugo) iliyoondolewa jeni ya G, protini yake ya kuingilia seli, ikawekewa lusiferasi (kimeng'enya kinachotoa mwanga), kisha ikavalishwa mwiba, yaani protini ya kuingilia, wa SARS-CoV-2 (wa mwanzo wenye badiliko la D614G, mkia umepunguzwa asidi amino 19). Sahani za visima 96, dawa inawekwa saa 1 kabla ya virusi, mwanga unasomwa saa 18 baadaye.

Vero E6: klorokwini maikromola 10 inashusha mwanga kwa zaidi ya asilimia 90, E-64d maikromola 25 vilevile, kamostati maikromola 50 haifanyi kitu. Calu-3 ni kinyume kabisa: kamostati inazima karibu mwanga wote, E-64d haigusi, klorokwini inapunguza kidogo sana, ndani ya mtawanyiko wa kawaida wa visima.

Kuna hoja kwamba huenda klorokwini haiingii vizuri kwenye Calu-3, kwa hiyo niongeze dozi hadi maikromola 50. Nyingine inasema Calu-3 zina mwanga hafifu mno, nizitupe na kuripoti Vero peke yake. Zote mbili hazijaniingia akilini. Nifanye nini ili nijue kama dawa imeshindwa kufika au imefika na haina kazi ya kufanya? Na hizi seli mbili zinapopingana, nimwamini nani?

---

Furini685

Usiongeze dozi, na Calu-3 usizitupe. Hayo matokeo ndiyo yanayotarajiwa. Seli zako mbili zinampa kirusi njia mbili tofauti za kuingilia, na kila dawa uliyoweka inaziba njia moja tu.

Mwiba hauwezi kuunganisha utando wa kirusi na wa seli mpaka ukatwe mara mbili. Mkato wa kwanza uko kwenye mpaka wa S1 na S2, penye mfuatano PRRAR (asidi amino 681 hadi 685). Huo hufanywa na kimeng'enya furini ndani ya seli inayozalisha chembe, yaani 293T zako, kabla hata virusi havijakusanywa. Mkato wa pili, S2', uko kwenye arginini ya 815, na huo husubiri mwiba ushike ACE2 (kipokezi chake kwenye seli) kwanza ndipo mahali penyewe pafunuke. Hapo ndipo seli lengwa inapoingia kwenye hadithi. Ikiwa na TMPRSS2 (kimeng'enya kinachokata protini) kwenye utando wake wa nje, mkato hufanyika mapema. Isipokuwa nayo, chembe humezwa, huzama ndani ya endosomu (kifuko cha ndani ya seli), na kazi ya kukata humwangukia kimeng'enya kingine, kathepsini L.

Vero E6 hazina TMPRSS2 ya maana. Calu-3 zinayo nyingi, pamoja na ACE2 yake ya asili. Sasa weka dawa zako juu ya ramani hiyo. Kamostati huzima vimeng'enya vya jamii ya TMPRSS2. Kwenye Vero haina cha kuzima. E-64d huzima kathepsini. Kwenye Calu-3 mwiba umeshakatwa bila kuzihitaji. Klorokwini haimshiki kirusi popote. Ni besi dhaifu inayojilimbikiza ndani ya endosomu na lisosomu na kupandisha pH, na kathepsini L isipopata tindikali hulala. Kwa hiyo kwenye jaribio lako klorokwini na E-64d zinagonga kitu kilekile kwa mikono tofauti, ndiyo maana zinafanana kwenye kila seli.

Hii si nadharia ya kubembeleza matokeo. Mwanzoni mwa 2020 ilichapishwa EC50 (kiwango cha dawa kinachozuia nusu) ya klorokwini ya maikromola 1.13 kwa kirusi halisi kwenye Vero E6, na namba hiyo ikazunguka dunia nzima. Miezi michache baadaye mwaka huohuo kundi jingine likaonyesha kwamba klorokwini haizuii kirusi hicho kwenye Calu-3. Jaribio la RECOVERY la Uingereza nalo likapeleka haidroksiklorokwini kwa wagonjwa 1,561 waliolazwa, likawalinganisha na 3,155 waliopata huduma ya kawaida: vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 27.0 dhidi ya 25.0. Hakuna faida.

Kuhusu swali lako la kwanza, kwamba dawa imefika au haikufika: tengeneza virusi bandia vilevile, ila badala ya mwiba vivalishe G ya VSV yenyewe. G huingilia endosomu na huhitaji tindikali ili kubadili umbo, lakini haihitaji kukatwa na kathepsini. Weka kwenye Calu-3 pamoja na klorokwini. Mwanga wa G ukizima na wa mwiba ukabaki, dawa imefika, imepandisha pH, na mwiba umepita kwingine. Mwanga wa G usipozima, basi kweli dawa haikufika, au dozi ni ndogo.

Faida ya pili ya G: kamostati na E-64d hazitakiwi kuigusa. Zikiigusa, unaangalia sumu au dawa inayovuruga lusiferasi, wala si kuingia kwa kirusi.

---

Nuru_ya_Lusiferasi

Naunga mkono hoja ya G. Mimi nashughulikia upande wa sahani, maana jaribio hili lina mitego mingi midogo.

Mtego mkubwa ni kiasi cha virusi. Kabla ya dawa yoyote, zimua virusi mara mbilimbili kwenye kila aina ya seli na uchore mstari. Chagua mzimuo ulio katikati ya sehemu iliyonyooka. Ukiwa juu, ambako mwanga umeshafika kilele, dawa inaweza kuzuia nusu ya chembe na usione chochote. Ukiwa chini karibu na sakafu, kila kitu kitaonekana "kinazuia". Vero na Calu-3 karibu kila mara zinahitaji mizimuo tofauti. Calu-3 huingiwa kwa shida zaidi. Ndiyo maana usilinganishe mwanga wa seli moja na wa nyingine. Kila seli ipimwe kwa asilimia ya visima vyake yenyewe visivyo na dawa.

Sakafu yenyewe ipime kwa chembe zilizotengenezwa bila mwiba wowote, si kwa visima visivyo na virusi. Ninachokubali ni tofauti ya angalau mara 100 kati ya chembe zenye mwiba na zisizo nao. Kwenye Calu-3 mara 30 naivumilia kwa shingo upande.

Kamostati: seramu inaivunja. Vimeng'enya vya esterasi huibadili haraka kuwa FOY-251, ambayo bado inazima TMPRSS2 ila kwa nguvu ndogo zaidi. Kwa hiyo EC50 yako itategemea asilimia ya seramu na muda dawa ilivyokaa kabla ya virusi. Andika vyote viwili kwenye daftari na usivibadilishe katikati ya mfululizo. Nafamostati ina nguvu zaidi ya mara 10 kuliko kamostati kwenye majaribio ya aina hii; ukiwa nayo, iongeze kama shahidi wa pili.

Klorokwini: pH ya kiowevu cha kukuzia ina maana kubwa. Dawa hii hupenya utando ikiwa haina chaji. Kiowevu kikiwa na tindikali, molekuli nyingi hubeba chaji na kubaki nje. Calu-3 hukua polepole, unazipanda siku 2 au 3 kabla, na kiowevu kikishageuka njano unaweza kweli kupata klorokwini "isiyofanya kazi". Badilisha kiowevu siku ya jaribio, ongeza bafa ya HEPES milimola 20 kwa pH 7.4. Hapo hoja ya kwamba dawa haiingii utakuwa umeijibu hata kabla ya G kusema lake.

DMSO (kiyeyushi cha dawa): kiasi kilekile kwenye kila kisima, pamoja na vile visivyo na dawa, kisizidi asilimia 0.5. Na sahani pacha isiyo na virusi kwa ajili ya kupima ATP (kipimo cha uhai wa seli), dozi zilezile, saa zilezile. Seli zikipoteza asilimia 20 ya ATP, dozi hiyo siitumii kusemea chochote kuhusu kirusi.

Sasa swali la nani wa kumwamini. Vero ni figo la tumbili, Calu-3 ni saratani ya pafu la binadamu. Zinatofautiana kwa mambo elfu, na TMPRSS2 ni moja tu kati yake. Mhakiki mkali atakwambia hujathibitisha kwamba TMPRSS2 ndiyo sababu. Chukua 293T zenye ACE2, na hizohizo zilizoongezewa TMPRSS2. Kila moja iwekee hali nne: bila dawa, kamostati peke yake, E-64d peke yake, zote mbili. Bila TMPRSS2, E-64d izime na kamostati ikae kimya. Ukiongeza TMPRSS2, E-64d ilegee, na zote mbili kwa pamoja zizime kuliko yoyote ikiwa peke yake. Safu hiyo ya "zote mbili" wengi huisahau, na ndiyo inayoonyesha kwamba njia ziko mbili na si tatu.

Tahadhari: 293T hung'oka kwa urahisi. Paka visima poli-L-lisini, na ukibadilisha kiowevu mimina taratibu kwenye ukuta wa kisima. Kisima kilichopoteza nusu ya seli kinafanana sana na dawa nzuri.

---

Kisima_H12

Shukrani sana wakuu. Nimeangalia upya: kwenye Vero chembe zisizo na mwiba zinatoa mwanga ulio chini ya zile zenye mwiba mara 8 tu. Hiyo ni mbaya kuliko nilivyodhani. Inatoka wapi wakati hakuna protini ya kuingilia?

Na la pili: mpango ni kurudia yote kwa mwiba wa Omikroni BA.1. Nitegemee picha ileile?

---

Furini685

Protini ya kuingilia ipo: ni G iliyobaki.

Virusi vya kuanzia, vile visivyo na jeni ya G, vilikuzwa kwenye seli zinazotoa G ili viweze kuingia kwenye 293T zako. Baada ya kuingiza, baadhi ya chembe hizo hubaki juu ya seli au kwenye kiowevu, na unapovuna unavuna mchanganyiko: zenye mwiba na zenye G. Hizo za pili huingia seli yoyote bila kujali ACE2. Na madhara yake kwako ni mabaya zaidi ya kuinua sakafu, kwa sababu G huzimwa na klorokwini. Sehemu ya "kizuizi" unachokiona inaweza kuwa ya G.

Dawa yake ni hii. Ingiza virusi vya kuanzia kwa saa 1 kwenye nyuzi 37, ondoa kiowevu, osha mara 3 kwa bafa ya PBS, halafu weka kiowevu kipya chenye kingamwili dhidi ya G (I1 ndiyo inayotumika sana). Vuna baada ya saa 16 hadi 20, zungusha kwa 2,000 g dakika 10 ili kuondoa mabaki ya seli, gawa kwenye mirija midogo na ugandishe nyuzi -80. Mrija ukiyeyushwa usiurudishe. Kwenye zile chembe za ulinganisho zenye G, kingamwili hiyo usiiweke! Inaonekana ni jambo la wazi, lakini kiowevu kikitayarishwa kwenye chupa moja kwa ajili ya chembe zote, ndilo linalotokea.

Ukiwa hapo, chukua sehemu ya chembe upime protini kwa jeli na kingamwili dhidi ya S2. Mwiba mzima huonekana karibu na kilodaltoni 180, S2 iliyokatwa karibu na 90 hadi 100. Ukiona mwiba mzima tu, furini haikufanya kazi, na chembe hizo zitaelekea endosomu hata kwenye seli zenye TMPRSS2. Utabaki ukilaumu Calu-3 bure. Kwa sababu hiyohiyo wanaofanya kazi na kirusi halisi, kwenye maabara ya kiwango cha 3 cha usalama wa kibiolojia, husoma mfuatano wa jeni wa kila hifadhi mpya. Kirusi kilichopitishwa kwenye Vero E6 hupoteza eneo la furini upesi, kwa kuwa seli hizo hazimdai chochote kuhusu TMPRSS2.

BA.1: usitegemee picha ileile. Tafiti za 2022 zilionyesha inatumia TMPRSS2 vibaya kuliko Delta, inaegemea endosomu, na haiunganishi seli jirani kuwa seli moja kubwa yenye viini vingi kama Delta ilivyofanya. Badiliko la H655Y limehusishwa na mwelekeo huo. Ajabu ni kwamba BA.1 ina P681H na N679K pembeni kabisa ya eneo la furini, na mtu angetarajia mambo yaende upande wa pili. Kwenye sahani yako tarajia E-64d kuanza kuuma hata penye TMPRSS2, na mwanga wa Calu-3 kushuka. Kwa hiyo mzimuo upime upya kwa kila mwiba. Ule wa D614G hautafaa.

---

Lisosomu_Mkongwe

Nimesoma yote, nina marekebisho mawili kabla hamjafunga hesabu ya "njia ya juu (ya TMPRSS2) haihitaji tindikali".

Kwanza, utafiti uliochapishwa 2022 ulifuatilia chembe mojamoja kwa darubini na kukuta kwamba hata TMPRSS2 ikiwepo, tando haziungani kwenye pH ya kawaida ya nje ya seli. Kinachohitajika ni pH kati ya 6.2 na 6.8. Hicho ni kiwango unachokipata kwenye endosomu changa, na hata puani, ambako wastani ni karibu 6.6. Tafsiri yake kwa jaribio hili: TMPRSS2 humwondolea kirusi haja ya kathepsini, yaani haja ya kuzama mpaka kwenye tindikali kali, lakini tindikali kidogo inaweza bado kutakiwa. Punguzo dogo la klorokwini kwenye Calu-3 usilitupe upesi kama mtawanyiko. Jaribu bafilomaisini A1 nanomola 100, inayozima pampu ya protoni moja kwa moja bila hadithi za besi dhaifu. Iondoe baada ya saa 4 hadi 6. Ukiiacha mpaka asubuhi unapima sumu.

Pili, na hili linanikera kwenye machapisho mengi: klorokwini haipandishi pH tu. Ni katika kundi la dawa zenye kichwa chenye chaji chanya na mwili unaopenda mafuta, na dawa za namna hiyo hujaza fosfolipidi ndani ya lisosomu. Mwaka 2021 ilionyeshwa kwenye jarida la Science kwamba dawa nyingi zilizotangazwa kuwa "zinazuia SARS-CoV-2" kwenye seli zilikuwa zinafanya hilo tu: kadiri zilivyojaza fosfolipidi ndivyo zilivyoonekana kuzuia kirusi, lakini zilipopelekwa kwa panya hazikupunguza virusi. Ukigundua molekuli mpya inayozuia kwenye Vero, angalia pKa (nguvu yake kama besi) na upendo wake kwa mafuta (logP) kabla ya kushangilia. pKa ya 7.4 na zaidi, na logP inayokadiriwa kufika 3 au kuipita, ni taa nyekundu. Weka rangi ya NBD-PE kwenye sahani pembeni, na amiodaroni kama kielelezo chanya. Saa 24 zinatosha kuona madoa yaking'aa.

Kuhusu interferoni (protini za kinga za seli dhidi ya virusi), kwa kuwa mtu ataiuliza: Vero hazina jeni za interferoni za aina ya kwanza, zilipotea kwenye ufa wa takriban besi milioni 9 katika kromosomu ya 12. Kwa kirusi halisi kinachosambaa siku 3 hilo linabadilisha kila kitu. Kwa virusi bandia vya mzunguko mmoja na usomaji wa saa 18 halina uzito mkubwa, hasa kwa kuwa protini M ya VSV huziba njia ya mRNA ya seli kutoka kwenye kiini, na seli haipati nafasi ya kujibu. Hiyo M ndiyo sababu pia ya kutosoma mwanga baada ya saa 24: seli zilizoambukizwa zimeanza kufa na namba zinashuka zenyewe.

---

Kisima_H12

Nimekuelewa mkuu. Basi la mwisho: bafilomaisini ikiondolewa saa ya 4, nitajuaje kwamba imezuia kuingia na haikuvuruga hatua za baadaye, mfano uzalishaji wa lusiferasi yenyewe?

---

Nuru_ya_Lusiferasi

Badilisha saa ya kuweka dawa, si dozi.

Poza sahani hadi nyuzi 4, weka virusi kwenye kiowevu baridi chenye HEPES (bikaboneti peke yake nje ya CO2 itageuka besi), acha saa 1 vishike bila kuingia. Osha mara 3 kwa PBS baridi. Mimina kiowevu cha nyuzi 37, na hapo ndipo sifuri ya saa yako. Weka dawa kwenye visima tofauti kwa saa -1, 0, 1, 2, 4 na 6. Kila kisima kikae na dawa kwa muda sawa, saa 4, halafu badilisha kiowevu. Usipofanya hivyo unalinganisha muda wa sumu. Soma vyote saa ya 18.

Kizuizi cha kuingia hupoteza nguvu kati ya saa 1 na 2, kwa sababu chembe nyingi zimeshapita. Dawa inayozuia vilevile ikiwekwa saa ya 4 au ya 6 inagonga polimerasi ya VSV, utengenezaji wa protini, au lusiferasi. Sikloheksimidi iwepo kama mfano wa dawa ya namna hiyo.

Kwenye 293T zenye TMPRSS2 tegemea kamostati kuishiwa nguvu mapema kuliko E-64d inavyoishiwa kwenye zile zisizo nayo, kwani safari ya kufika penye kathepsini ni ndefu zaidi. Mikunjo miwili ikilaliana kabisa, angalia kwanza kama sahani ilikaa nje ya kabati la joto muda mrefu wakati wa kuweka dawa: seli zikipoa chini ya nyuzi 20 usafiri wa endosomu unasimama, na saa yako inakuwa imesimama nao. Zungushia sahani blanketi la joto, na usiweke dawa za saa zote kwenye sahani moja. Kila saa iwe na sahani yake, ikitoka mara moja tu.

Na visima vya pembeni vijaze PBS, usivitumie. Vinakauka.